Nilinunua magnolia mbili Bukavu, moja ikatoa maziwa

Nianze na ile iliyotoa maziwa, maana bila hiyo nisingejua cha kutazama siku nilipofika kwenye pepinyeri, yaani kitalu cha miche, ninayotaka kuielezea hapa.

Ilikuwa mwaka 2020, mvua za mwezi wa tisa ndiyo kwanza zinarudi. Nilikuwa nimestaafu mwaka huohuo baada ya miaka 31 ya kuzalisha akina mama, na watoto wangu walinichangia pesa kidogo ya kutengeneza parsele, kiwanja changu hapa Nguba. Wao walidhani nitajenga chumba cha kupangisha. Mimi nilitaka mti mmoja. Nikiwa msichana nilikuwa napita kila asubuhi mbele ya nyumba moja ya zamani upande wa La Botte, na uani mwake kulikuwa na mti wenye majani mazito yanayong'aa kana kwamba kuna mtu anayeyapiga rangi ya viatu. Siku ua lake moja likifunguka, harufu kama ya ndimu ilikukuta barabarani kabla hujauona mti wenyewe. Ua jeupe, kubwa kama sahani ya bugali. Mlinzi wa pale ndiye aliyetuambia jina: magnolia. Mti ule haupo tena, wamejenga ghorofa.

Basi kijana mmoja alipita mtaani na miche kwenye toroli. Nikamwuliza kama ana magnolia. "Iko, mama, hii hapa, ya bazungu kabisa." Jani pana, nene, linang'aa. Nikatoa dola 8 bila kubembelezana sana, nikapanda mwenyewe, nikamwagilia, nikawaita jirani waje kuona. Wiki ya tatu mjukuu wangu akavunja jani moja akichezea. Likatoa maziwa. Meupe, mazito, yanadondoka kwenye sementi.

Mimi maziwa nayajua. Magnolia haina maziwa. Ule ulikuwa mti wa mpira, ule ule ambao mizizi yake inainua sakafu na kupasua matangi. Nilicheka peke yangu, kisha nikaung'oa kabla haujashika.

Nawaeleza hili kwa sababu watu wengi hapa mjini wana "magnolia" ya namna hiyo na wanajivunia. Miti hii miwili inafanana kweli. Hata ukitazama kijiti, yote miwili ina alama ya pete kuzunguka mahali jani lilipotokea, kwa hiyo pete isikudanganye. Geuza jani. Magnolia ya kijani cha mwaka mzima, juu linameta, chini mara nyingi lina rangi ya kutu, na ukipitisha kidole unahisi kama mahameli. Tazama na ncha ya tawi: ya magnolia imevaa manyoya mafupi, ya mpira imefunikwa na ala laini iliyochongoka, mara nyingi nyekundu. Na kama muuzaji anakubali, vunja kikonyo cha jani moja. Akikataa, umeshapata jibu.

Sasa pepinyeri. Haina kibao wala jina, nami sitaipa. Ukishapita Essence kuelekea Panzi, angalia mahali ambapo mtu ametandika vyandarua vyeusi juu ya miti ya mikalitusi, na chini kuna sashe, vifuko vyeusi vya plastiki, mamia kwa mamia zimepangwa kwa mistari. Nyingi ni avoka, kahawa, grevilea, miti ya watu wanaotaka kula au kuuza mbao. Maua yako nyuma, ukivuka mtaro kwa ubao mmoja unaotikisika. Nilifika hapo mwezi wa kumi 2021. Viatu vya wazi havifai, tope lake linavua kiatu mguuni.

Mwenyewe ni muzee wa makamo yangu, aliyejifunza kazi kwenye vitalu vya kwinini tangu ujana wake. Nilipomwambia nataka magnolia hakuniuzia kitu. Aliniuliza kwanza: "Mama, uko na miaka ngapi?" Nilitaka kukasirika. Nikamwambia 58. Akanipeleka kwenye mafungu mawili. La kwanza miche midogo ya sashe, dola 10 kila mmoja. Akasema: "Hii ni ya mbegu. Inaweza kungoja miaka kumi, hata kumi na tano na zaidi, ndiyo itoe ua. Utaliona ukiwa na fimbo." La pili ndoo nne tu, miche ya kufika kifuani mwangu, dola 35. "Hii ni markoti. Miaka miwili, mitatu." Hapo ndipo alipopata nyota zake kutoka kwangu. Muuzaji mwingine angenisukumia mche wa dola 10 mara tatu na kunyamaza.

Nikataka kujua markoti inafanywaje, naye akaacha wateja wawili wakisubiri ili anionyeshe kwenye mti wake mama, uliosimama nyuma ya kibanda. Anachagua tawi la unene wa kidole, anamenya ganda kulizunguka kama unavyomvua mtu bangili, anafunga hapo kuvumwani iliyolowa (ile mimea midogo laini inayoota kwenye mawe), anazungushia plastiki na kukaza kamba juu na chini. Kisha anangoja miezi. Mizizi ikionekana kupitia plastiki, anakata tawi chini yake na kulipanda. Tawi hilo lina umri wa mti mama, halihitaji kukua upya ndipo likomae, ndiyo maana linatoa maua mapema. Nikauliza kwa nini basi ana markoti chache hivyo. Akasema mti mama hauvumilii kuvuliwa bangili kila tawi.

Na mbegu? Alinionyesha tunda. Linafanana na koni yenye manyoya, likiiva linapasuka, na mbegu nyekundu zinachungulia, nyingine zinaning'inia kwa uzi mwembamba kama kitovu kilichosahauliwa. Lazima uvue ile nyama nyekundu, uioshe mbegu, usiiache ikauke, kisha ikae kwenye baridi na unyevu miezi miwili mpaka minne. Huko inakotoka, kusini-mashariki mwa Marekani, baridi hiyo inaletwa na msimu. Hapa inaletwa na firiji, na firiji ya muzee inazimika umeme ukikatika. Mwaka uliotangulia mafungu mawili yalioza. Hakuninyima habari hiyo, na mimi siwanyimi ninyi: akikwambia hana miche ya mbegu, usimdhanie mvivu.

Kitu kimoja tu alikosea, tena kwa kujiamini. Alisema mti huu ni wa Ubelgiji. Nilimjibu kuwa Wabelgiji waliukuta kwa wengine kama sisi. Jina lenyewe linatokana na Pierre Magnol, daktari na mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715. Ua lake leo ni ua rasmi la jimbo la Mississippi. Muzee akaitikia "Eeh, mama anasoma," kwa sauti ya mtu atakayeendelea kusema Ubelgiji kesho.

Sasa lawama, na ninayo ya kutosha.

Niliomba nione mizizi kabla ya kulipa. Kijana wa kazi akakataa, akaniambia mizizi ya magnolia haipendi kuguswa. Hajakosea: ni minene, yenye nyama, inakatika kirahisi na inachelewa kupona. Lakini kutogusa ni kitu kimoja, kutotazama ni kingine. Nilimwita muzee. Yeye akalaza ndoo ubavu, akaipigapiga na kiganja kuizunguka, akavuta shina polepole, fungu lote likateleza nje. Mche wa kwanza: mizizi kama vidole, rangi ya manjano hafifu, imezunguka ndoo mara mbili na mmoja umepanda mpaka shingoni mwa shina na kulibana. Wa pili vilevile. Hiyo maana yake miche imekaa ndoani muda mrefu kuliko inavyopaswa. Ukiipanda hivyo, mzizi ule utanenepa pamoja na shina, na baada ya miaka mti utanyongwa na kilichokuwa kinaulisha.

Wa tatu ulikuwa na mzunguko mmoja, legevu. Nikachukua huo. Kitovu kikizunguka shingo ya mtoto, huvuti. Unapitisha kidole chini yake na kukilegeza taratibu juu ya kichwa. Nilifanya hivyohivyo nyumbani, nimekaa kwenye kigoda, nikilowesha udongo kwa kikombe na kufungua mzizi mmoja mmoja kwa kidole. Nilikata mmoja tu. Kazi ya saa moja na nusu, ambayo pepinyeri ingeiepusha kwa kuhamisha mche kwenye ndoo kubwa mapema.

Na hapo kwenye kigoda nikagundua kosa la pili: walikuwa wameuzika mche mno. Nilichimbua vidole vitatu vya udongo ndipo nikakuta mahali shina linapotanuka kuwa mizizi. Mahali hapo panatakiwa paone hewa. Ndoo ilijazwa udongo ili mche usimame wima na upendeze kwa mteja.

Bei tulibembelezana mpaka dola 28, na usafirishaji "bure". Bure hiyo ilikuwa motari, dereva wa pikipiki, aliyeukumbatia mche mbele yake kama bibi harusi, akashuka nao kwa mwendo wa kwake. Ulifika na majani sita yamechanika na ncha ya juu imevunjika. Nilipopiga simu, kijana alisema majani yataota mengine. Yaliota, sawa. Lakini ukienda, lipa taksi, mche ulale ndani umefungwa kwa kitenge.

La tatu ndilo lililoniuma. Yule kijana alinipa maelekezo ya kupanda, nami nikayafuata kama mwanafunzi: shimo la metre moja kwenda chini, na beseni moja la majivu "kwa ajili ya nguvu". Kwa udongo wetu mwekundu wa mteremko, shimo refu jembamba ni mtungi. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikaujaza, na maji yakakaa siku nne. Nayo majivu yanafanya kazi ya chokaa, wakati magnolia inapenda udongo wenye tindikali kidogo, ambao Mungu ametupa tayari bila kuomba. Kufika mwezi wa kwanza majani mapya yakawa ya manjano, mishipa yake tu ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Mti ulikuwa na njaa ya chuma katikati ya udongo mwekundu kwa chuma, kwa sababu majivu yalikuwa yamekifunga.

Nikamwita muzee. Alisema anakuja kesho. Alikuja baada ya wiki tatu. Lakini alikuja mwenyewe, kwa miguu, na jembe lake, na alipoona majivu alinyamaza kwanza, kisha akamsema yule kijana kwa simu kwa maneno ambayo sitayaandika. Tukautoa mti na fungu lake zima, tukaondoa udongo wenye majivu, tukarudisha mwekundu wa pembeni. Safari hii shimo likawa pana mara tatu ya fungu la mizizi na kina kilekile cha fungu, si zaidi. Tuliliweka juu kidogo ya usawa wa ardhi, tukachimba mfereji mdogo upande wa mlimani ili maji ya mvua yapite pembeni. Juu tukatandaza maganda ya kahawa yaliyooza, unene wa kiganja, tukiacha nafasi ya kuzunguka shina lisiguswe. Hakudai hata franka. Nilimpa chai na mandazi, akala manne.

Majani ya manjano hayakurudi kijani, yalianguka. Yaliyofuata yalikuja sawa.

Tangu hapo kazi si nyingi. Vipindi viwili vya kwanza vya kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, niliupa bido (madumu) mbili za lita 20 kila wiki, polepole, jioni. Maji ya bomba yakikosekana, nilimlipa kijana ayachote ziwani. Nilijaribu kupanda lengalenga (mchicha) chini yake nikashindwa: mizizi yake iko juujuu, kila ukipiga jembe unaikata, na kivuli chake ni kizito. Sasa chini ni matandazo tu. Kupogoa karibu hakuna, natoa tawi lililovunjika au lililopandana na jingine. Mwaka jana wadudu wa magamba walishika upande wa ukutani, sisimizi wakawafuata utamu wao, majani yakapata masizi meusi. Niliyafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, jani kwa jani, Jumapili mbili.

Anayependa ua unaofagiwa mara moja kwa wiki asinunue mti huu. Watu wakisikia "kijani mwaka mzima" wanafikiri hauangushi majani. Unaangusha kidogo kidogo, kila mwezi, na jani lake ni gumu kama ngozi, halitaki kuoza. Upepo wa ziwani ukilikokota juu ya sementi usiku, utaapa kuna mtu anatembea na ndara. Mara ya kwanza niliamka na panga.

Jambo jingine, muzee hakuniambia mpaka nilipouliza: mti huu kwao unaweza kupita metre 20, na hata hapa utakuwa mkubwa. Nimeupanda metre saba kutoka nyumbani na mbali na waya za umeme. Jirani yangu wa chini alikuja kulalamika kuhusu ukuta wake kabla mti haujafika begani. Nilimwambia, "Mama, tutauzungumzia wajukuu wetu wakioa." Kwa parsele ndogo, waulize kama wana Little Gem, aina ya kimo kifupi na majani madogo. Mimi niliwauliza mara mbili, hawana.

Ua la kwanza lilikuja mwezi wa kumi na moja 2023, miaka miwili kama muzee alivyosema. Tumba lilisimama kwenye ncha ya tawi, saizi ya yai la bata, siku kadhaa bila kufanya lolote. Asubuhi moja nikatoka na kikombe cha chai nikakuta limeanza kufunguka, na harufu ileile. Nilijizuia, kisha nikashindwa, nikaligusa kwa kidole gumba. Saa sita mchana alama ya kidole changu ilikuwa pale, rangi ya kahawia, imeandikwa kwenye jani jeupe la ua kama muhuri. Usilishike. Jioni likajifumba kidogo, na kesho yake lilipofunguka tena nikakuta mbawakawa wadogo wawili ndani, wamejaa chavua. Miti ya jamaa hii ilikuwa na maua kabla nyuki hawajakuwapo duniani, na kazi ya uchavushaji tangu zamani iliwapa mbawakawa. Siku ya tatu lilikuwa limelegea na kugeuka rangi ya ngozi ya ndizi. Nilipiga picha nikamtumia muzee. Alijibu kwa sauti, dakika nzima ya kicheko.

Mwaka huu nimehesabu maua kumi na moja, si yote kwa pamoja. Mti umepita urefu wa mlango.

Nyota tatu na robo kwa tano. Nne na nusu kwa muzee, mbili kwa yule kijana na ndoo zake, wastani mtapiga wenyewe. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, muzee akiwepo, na mwanzoni mwa mvua, usinunue mwezi wa sita. Uliza: mbegu au markoti? Sema unataka kuuona mche nje ya ndoo. Maelekezo ya majivu yapokee kwa adabu, uyaache palepale mlangoni.

Jumamosi iliyopita nilipita kununua waridi, nikakuta amebakiza markoti mbili karibu na kibanda. Ya kushoto ni ndefu na inavutia, lakini mzizi umeshaanza kuzunguka shingo. Chukua ya kulia.